UZI: René Dubos, mtafiti wa bakteria aliyeanzia kwenye udongo akaishia kwenye mazingira. Sisi wa Dar anatuhusu sana

Kijana wa Maabara (#1)

Wakuu salaam.

Kila masika tunarudia habari zile zile hapa jukwaani. Bonde la Jangwani limejaa maji, watu wanatapisha vyoo mvua ikinyesha, kipindupindu kinatajwa, halafu jua likitoka tunahamia kwenye mpira. Na kila wiki kuna mtu anafungua uzi kwamba amemeza dozi mbili za antibayotiki na haponi. Haya tunayajadili kama mambo mawili, moja la halmashauri na jingine la hospitali. Nawaletea mtu aliyesema ni jambo moja, tena aliyasema hayo baada ya kukaa maabara maisha yake yote. Anaitwa René Dubos. Fleming wa penisilini kila mtu anamjua, lakini huyu hatajwi, na mimi naona hatujamtendea haki. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1901, akakulia kijiji cha Hénonville, wazazi wana bucha. Utotoni aliugua homa iliyomwachia moyo mbovu mpaka uzee. Alisoma kilimo, hakusoma udaktari, na hilo mliweke akilini kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu. Akiwa kijana anafanya kazi Roma, kwenye taasisi ya kimataifa ya kilimo, alisoma makala ya Sergei Winogradsky, bingwa wa bakteria wa udongo. Hoja ya makala ni kwamba ukimtenga bakteria peke yake ukamlisha vizuri maabara, hayo unayoyaona siyo maisha yake. Mtafute pale anapoishi, akigombea chakula na wenzake. Dubos alisema baadaye kwamba tangu siku ile alikuwa anairudia hoja hiyo hiyo kwa sura tofauti tofauti.

Mwaka 1924 akapanda meli kwenda Marekani, akaingia chuo kikuu cha Rutgers chini ya Selman Waksman, na 1927 akapata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza bakteria wanaoozesha mabaki ya mimea ardhini. Mwaka huo huo akaajiriwa Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye maabara ya Oswald Avery.

Hapa twende taratibu, ndipo palipo na utamu.

Avery alikuwa anahangaika na nimonia. Kuna bakteria wa nimonia, aina ya tatu, ambaye amejifunika ganda nene la sukari. Seli nyeupe za damu zikimfikia zinashindwa kumshika, na mgonjwa anakufa. Avery alitaka kitu cha kuyeyusha lile ganda bila kumdhuru mgonjwa, na hakuna kimeng'enya, yaani kemikali ya kiumbe hai inayovunjavunja vitu, kilichojulikana wakati huo kilichoweza. Dubos akaja na wazo la mtu wa shamba. Ganda hili ni mabaki kama mabaki mengine. Bakteria hawa wamekuwepo miaka yote, wanakufa, na bado dunia haijajaa maganda yao. Kwa hiyo huko ardhini lazima yupo anayeyala.

Akakusanya udongo wa kila namna, akaunyima chakula chochote isipokuwa lile ganda, akasubiri aone nani atabaki hai. Aliyebaki alitoka kwenye kinamasi cha New Jersey, wanakolima cranberry. Mwaka 1930 yeye na Avery wakatangaza kimeng'enya chake. Panya walioambukizwa nimonia wakakingwa nacho.

Sasa sikilizeni hili, kwangu ni kubwa kuliko dawa yenyewe. Bakteria yule akipewa chakula kingine rahisi, hatoi kimeng'enya kabisa. Uwezo anao, lakini hautumii mpaka pale anapoishi pamlazimishe. Dubos hakulisahau hilo. Yote aliyoandika baadaye kuhusu binadamu, miji na mito yalitoka hapo.

Kimeng'enya hakikufika wodini, kwa sababu katikati ya miaka ya 1930 dawa za salfa ziliingia zikachukua nafasi. Dubos akarudi kwenye udongo. Safari hii aliulisha bakteria hai wa majipu na usaha, tena na tena, ili wajitokeze wanaowaua. Mwaka 1939 akatangaza tirotrisini, kutoka kwa bakteria aliyeitwa wakati huo Bacillus brevis, na akiwa na mwenzake Rollin Hotchkiss ikaonekana ndani yake mna dawa mbili, gramisidini na tirosidini. Ukiichoma kwenye damu inavunja chembe nyekundu, kwa hiyo ikabaki dawa ya kupaka kwenye vidonda. Ila ilikuwa antibayotiki ya kwanza kutengenezwa na kuuzwa, na iliwaonyesha watu kwamba dawa hizi zinatafutwa kwa mpango, huhitaji kusubiri bahati ya ukungu kudondoka kwenye sahani kama ilivyomtokea Fleming. Waksman, mwalimu wake, alifuata njia ya udongo, na mwaka 1943 maabara yake ikatoa streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu. Gramisidini mpaka leo imo kwenye baadhi ya matone ya macho na masikio.

Nakunywa maji kwanza. Maswali ruksa.

---

Duka la Kona (#2)

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu huku Mbagala. Mteja anakuja, hana cheti cha daktari, anataka antibayotiki ya kapsuli, anakwambia "nipe rangi mbili, nne tu, hela ndogo." Ukimwambia dozi haikatwi, anavuka barabara anakwenda duka la pili anapewa. Nikimkatalia napoteza mteja na yeye haponi. Huyu Dubos alisema lolote kuhusu usugu, au enzi zake hilo halikuwepo?

---

Kijana wa Maabara (#3)

Alisema, na mapema sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, penisilini haijafika hata kwa raia wa kawaida, yeye tayari alikuwa anaonya kwamba bakteria watazizoea dawa hizi. Fleming naye alionya mwaka 1945 alipopokea Nobel. Lakini Dubos alikuwa na sababu yake. Alishaona kwa macho yake bakteria wa kinamasi akitoa silaha aliyokuwa nayo siku zote, kwa sababu tu amebanwa. Dawa nayo ni kubanwa.

Nikueleze ninachokiona kazini, kaka. Unaletewa mkojo wa mgonjwa. Unauotesha, unapata bakteria, tuseme E. coli wa utumboni, unampaka kwenye sahani nzima ya agari, ile jeli ya kuoteshea, juu yake unapanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Unaingiza kwenye kiatamizi, kabati la joto. Kesho yake asubuhi unaitoa. Dawa inayofanya kazi imejichorea duara safi, hakuna kilichoota, unachukua rula unapima upana wake kwa milimita. Dawa iliyoshindwa, bakteria wametanda kama zulia mpaka kwenye ukingo wa karatasi yake. Zamani sahani za dawa kushindwa tuliziona moja moja tu. Siku hizi unapata sahani ambayo ampisilini imeshindwa, kotrimoksazoli imeshindwa, na unaanza kutafuta duara kwenye dawa za gharama ambazo mgonjwa wa Mbagala hana uwezo nazo.

Serikali inaiita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Yule mteja wako wa vidonge vinne anaua walio dhaifu, wagumu wanabaki kuzaana, na hawabaki tumboni kwake. Wanashuka chooni. Na choo cha Dar, mvua ikija, tunajua kinaishia wapi. Kwa hiyo kaka, mtaro wa nyuma ya duka lako na kabati lako la dawa ni habari moja.

Kwa duka lako: hiyo ya kupoteza mteja huiwezi peke yako. Wenye maduka wa mtaa mmoja mkikubaliana kwamba hakuna anayekata dozi, mteja hana pa kuvuka.

---

Mama Salma (#4)

Mwanangu, hongera, umeeleza vizuri. Ila kichwa cha uzi kinasema mazingira na mpaka sasa umetupa bakteria tu. Tiririka.

---

Kijana wa Maabara (#5)

Shikamoo mama. Nakuja hapo hapo, ila lazima nipite kwenye kifua kikuu.

Mke wa kwanza wa Dubos, Marie Louise, aliugua TB utotoni, ikatulia. Vita ya Pili ilipoanza na Ufaransa ikaanguka, ikaamka tena. Akafa mwaka 1942. Dubos akiwa bingwa wa bakteria, ana maabara, ana jina, na hakuwa na la kumfanyia. Swali lililombakia ni hili: bakteria alikuwa ndani ya mke wake miaka yote hiyo, kwa nini aamke sasa?

Kumbukeni Robert Koch ndiye aliyemgundua bakteria wa TB, mwaka 1882. Koch huyo huyo alifanya kazi hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akichunguza malaria. Somo alilotuachia ni kwamba kila ugonjwa una kijidudu chake, mtafute umpate. Somo la kweli kabisa. Dubos akaongeza nusu iliyobaki. Karibu robo ya watu duniani wanakadiriwa kubeba maambukizi ya TB, na walio wengi hawataugua maisha yao yote. Kijidudu wanaye, ugonjwa hawana. Tofauti iko wapi? Yeye akawalisha panya chakula duni, akaona wanazidiwa na TB haraka. Pamoja na mke wake wa pili, Jean, akapitia historia ya TB na kuonyesha kwamba Ulaya vifo vilianza kushuka miaka mingi kabla ya streptomisini, watu walipoanza kula vizuri zaidi na kulala penye nafasi na hewa.

Mtu akishafika hapo hawezi kurudi kwenye darubini akanyamaza. Ukikubali kwamba ugonjwa unategemea chumba, chakula, moshi na maji, basi jiji zima ni suala la daktari. Kufikia miaka ya 1960 Dubos alikuwa anaandika kuhusu miji, kelele, hewa chafu, na namna mazingira mabovu yanavyomtengeneza mtoto kabla hajaanza shule. Kitabu chake kimoja cha wakati huo kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1969. Mwaka 1972 yeye na Mwingereza Barbara Ward ndio walioandika kitabu cha msingi cha mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira pale Stockholm, mkutano wa kwanza mkubwa wa aina yake. Mwaka huo huo likaanzishwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, makao makuu yakawekwa hapo kwa majirani zetu, Nairobi. Na ule msemo wa kufikiri kwa upana wa dunia na kutenda pale ulipo, yeye ndiye anayetajwa zaidi kuwa chanzo chake.

Hakuwa mtu wa kutisha watu kwamba dunia imekwisha. Alishikilia kwamba mazingira yaliyoharibika yanaweza kurudi watu wakiamua. Mfano alioupenda ni Jamaica Bay, ghuba iliyo ndani ya jiji la New York, pembeni kabisa ya uwanja wa ndege. Ilikuwa jalala na maji taka, ndege wakarudi, na mwaka 1972 ikaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Mkisikia mtu anasema kuusafisha mto wetu wa Msimbazi haiwezekani tena, mkumbusheni ghuba hiyo.

---

Mzee wa Upanga (#6)

Vijana, habari zenu. Nakupinga kidogo, mwanangu. Mimi ni wa zamani, nimeuguza ndugu wa TB miaka ya sabini. Sindano za streptomisini kila siku, vidonge mwaka mzima, na wengi walichoka njiani. Sasa ni miezi 6 mtu kapona. Waliotuokoa ni dawa na mpango wa kuzifuatilia. Ukianza kusema mazingira, lishe, nyumba, kesho kiongozi atakwambia dawa si muhimu, subiri nyumba bora. Maskini anakufa huku anasubiri.

---

Kijana wa Maabara (#7)

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito na sitaki ipite hivi hivi.

Kwanza Dubos hakuacha dawa. Mwaka 1945 na 1946 yeye na Bernard Davis ndio walioweza kuotesha bakteria wa TB kwenye maji maji haraka na kwa usawa, kwa kutia kitu kinachofanana na sabuni kiitwacho Tween 80. Kabla ya hapo bakteria wale walikuwa wanaganda mabonge, ukitaka kuwapima na dawa unababaisha. Vyakula vya kuoteshea vilivyotokana na kazi yake bado vinatumika maabara za TB. Pili, huo mpango unaousifia, mzee, ni heshima ya nchi hii. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu mwaka 1977 pamoja na Karel Styblo, daktari bingwa wa kifua kikuu, na yaliyofanyika hapa, mgonjwa kumeza dawa akisimamiwa na kila mgonjwa kufuatiliwa mpaka mwisho, ndiyo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuyaita DOTS na kuyapeleka duniani kote.

Lakini niambie, mzee, yule ndugu aliyepona akirudi Manzese kwenye chumba cha dirisha dogo wanamolala sita, watoto waliokuwa wanapumua naye wako salama? Mimi nataka vyote viwili, na Dubos naye alitaka vyote viwili. Ukichagua kimoja, unakuwa unamtibu mtu yule yule kila baada ya muda.

---

Mzee wa Upanga (#8)

Marahaba. Hapo kwa watoto sina ubishi. Endelea.

---

Wakili wa Kinondoni (#9)

Mkuu, umetaja kutenda pale ulipo, mimi naleta mfano wa Dar ambao tunaufundishwa darasani. Tabata palikuwa na dampo la jiji, moshi, nzi, harufu. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, wakaishtaki halmashauri ya jiji, na Jaji Lugakingira akawapa haki. Raia wa kawaida kushinda kesi ya mazingira enzi hizo lilikuwa jambo kubwa. Jiji liliomba muda, likaongezewa, lakini miaka ya tisini ilipoanza dampo likafungwa.

---

Kijana wa Maabara (#10)

Wakili, umeleta mfano niliokuwa nautafuta, na naomba tuuendeleze. Taka za Tabata zilikwenda wapi? Vingunguti, kwenye bonde la Msimbazi. Baadaye Mtoni. Mwaka 2007 Pugu Kinyamwezi. Wakazi wa Tabata walikuwa na haki kabisa, na ningekuwa huko ningesaini nao. Ila jiji lilichofanya ni kuhamisha tatizo kutoka kwa walioshinda kesi kwenda kwa wasio na kesi, tena kwenye bonde la mto unaotoka milima ya Pugu, unapita kwa watu wa chini wote mpaka daraja la Salenda, baharini. Ndiyo maana Dubos hakusema tenda pale ulipo peke yake. Alitaka ukitenda, ufuate maji yako yanakoelekea.

Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Dar, kikaenda mikoa mingi. Bakteria wake anaishi vizuri kwenye maji ya mlangoni mwa mto, pale chumvi na maji baridi vinapokutana. Hatuwezi kumfukuza aondoke pwani. Tunachoweza ni kutompa njia ya kufika kinywani. Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, mitaro ikapumua kidogo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini vyoo vya mabondeni bado, na mimi hili linaniuma kuliko lote, kwa sababu sahani zangu za usugu na mitaro ile ni hadithi moja na bado kwenye bajeti zinakaa kurasa tofauti.

---

Bonde la Mchicha (#11)

Mkuu samahani, mimi si msomi. Nalima mchicha na matembele kando ya Msimbazi, nawalisha watoto kwa hiyo. Maji ni ya mto. Nisome nini hapa, niache kulima?

---

Kijana wa Maabara (#12)

Kaka, swali lako ndilo zito kuliko yote humu. Sikwambii uache. Kuna shida mbili, zitenganishe.

Ya kwanza ni vijidudu. Hii unaweza kuipunguza sana. Maji ya mto usiyamwage juu ya majani, yapeleke chini kwenye shina. Siku chache kabla ya kuvuna acha kabisa maji ya mto, jua linaua vingi vilivyobaki kwenye jani. Mchicha ukiiva jikoni vizuri, vinakufa. Hatari kubwa ni mboga za kuliwa mbichi, kwa hiyo bondeni usiguse saladi wala giligilani.

Ya pili ni sumu za viwandani, madini kama risasi. Hizo moto hauziondoi, na mkulima hana uwezo nazo, wa kubanwa ni anayezimwaga. Usilime karibu na bomba la kiwanda au sehemu maji yanapobadilika rangi. Mwone bwana shamba wa kata, mkiwa kikundi mnasikilizwa zaidi kuliko mmoja mmoja mnapoomba maji na udongo vipimwe.

---

Bonde la Mchicha (#13)

Asante sana kaka. Hiyo ya shina naweza kuanza kesho. Ya kuacha maji kabla ya kuvuna ndiyo ngumu, wachuuzi wa Buguruni wanataka mchicha uliolowa, ukionekana umelegea wanakushusha bei. Na wao wenyewe wakifika hapa wanauchovya mtoni kabla ya kupakia.

---

Mama Salma (#14)

Mimi nauza mboga Buguruni. Ni kweli, tunachovya, na kwenye gari mboga inapigwa jua. Hapa sokoni bomba lipo, ndoo ni hela. Ukiniletea fungu kavu na bei nafuu kidogo nitaloweka mwenyewe kwa maji ya bomba. Nitumie ujumbe faragha tuelewane, nina wenzangu wengine wa meza za karibu nitawaambia.

---

Kijana wa Maabara (#15)

Mama, fanya hivyo. Na mkiweza, mniletee fungu la mtoni na fungu la bomba, nitafute kibali kazini niyaoteshe yote mawili. Majibu nitayaweka humu humu.